Somo: Kuthibitisha Kwamba Kitu Kiliuzwa Zamani



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza habari za palizi, uchumaji, na kuanika karafuu kabla mvua haijazikuta jamvini. Leo twaacha shamba kidogo, twende kwenye sanduku la karatasi. Tunajua wengine watasema kwamba karatasi ni kazi ya makarani, na sisi wenyewe tulikuwa tukisema hivyo. Aliyetubadilisha mawazo si karani bali mkulima mwenzetu, naye hakai Unguja wala Pemba. Anakaa katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Watu wengi wa visiwani hawana habari kwamba mkarafuu umestawi huko bara. Upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaoelekea baharini na kupata mvua nyingi, yaani Kinole, Mkuyuni, Matombo, Tawa na vijiji vyao, mkarafuu unakaa pamoja na mdalasini, pilipili manga, iliki na migomba, juu ya miteremko ambayo mchumaji wa Pemba angeitazama mara mbili kabla ya kupanda. Msimu uliopita baadhi yetu tulikwenda kuwatazama wenzetu hao. Hatukwenda kwa wivu, ingawa safarini yalisemwa maneno mawili matatu ya utani juu ya karafuu ya bara.

Upande wa Matombo tulimkuta mzee mmoja anayepika mafuta kwa mvuke kutoka majani ya mkarafuu. Mtambo wake ni pipa, bomba na maji ya kijito. Pembeni ya shamba ana safu ya utupa, mmea ambao sote twaujua kuwa ni sumu ya samaki na ya wadudu. Alitueleza kwamba kwa miaka mingi alimwuzia mafuta mfanyabiashara aliyekuja na madumu, akapima, akalipa, akaenda zake. Kisha akaja mnunuzi mwingine aliyetaka mafuta hayo yawe dawa ya kuhifadhia mazao na kupelekwa ng'ambo. Huyu hakuanza na bei. Aliuliza, "Mafuta haya yameuzwa tangu lini, kwa jina gani, na nani anayeshuhudia?"

Mzee akawaita majirani wanne. Wote wakasema kwamba wameliona pipa lile likichemka tangu watoto wao hawajaanza shule. Mnunuzi akawasikiliza kwa adabu, akafunga daftari lake, akasema atarudi. Hakurudi.

"Ndoa yafungwa kwa mashahidi wawili," mzee alituambia, "lakini debe la mafuta halikutoshewa na wanne."

Neno hilo lilitukaa moyoni, na ndiyo sababu ya somo hili. Kwa nini ushahidi wa watu wanne wenye akili zao usifae? Jibu haliko Matombo, liko katika namna sheria za nchi zinazonunua bidhaa zetu zinavyogawanya vitu vya kemikali. Na tuelewane hapa mwanzoni: kwa sheria hizo, mafuta ya karafuu ni kemikali kama chokaa na spiriti zilivyo kemikali. Neno hilo si tusi.

Serikali zilipoanza kusimamia kemikali kwa ajili ya afya na mazingira, zilikuta soko limejaa maelfu ya vitu ambavyo havijapimwa. Hazikuweza kuvifungia vyote kwa siku moja. Basi zikapiga mstari kwa tarehe. Kilichokuwa sokoni kabla ya tarehe hiyo kiliitwa cha zamani, kikaachiwa kiendelee huku kikisubiri zamu ya kuchunguzwa. Kisichoonekana upande wa zamani kiliitwa kipya, na kitu kipya lazima kilete vipimo vyake kwanza, kwa gharama ya mwenyewe, ndipo kiuzwe. Kwa hiyo swali la mnunuzi halikuwa la kumdharau mzee. Alikuwa akitafuta bidhaa hii iko upande gani wa mstari.

Jumuiya ya Ulaya iliandika katika daftari moja kemikali zote zilizokuwa katika soko lake kati ya tarehe 1 Januari 1971 na 18 Septemba 1981, na majina yake yalizidi 100,000. Eujenoli, ile harufu na ukali wa karafuu zetu, imo humo kwa nambari 202-589-1. Daftari hilo lilitengenezwa kutokana na taarifa za wenye viwanda na waagizaji wenyewe. Asiyetoa taarifa kitu chake hakikuandikwa, na daftari likafungwa.

Baadaye ikaja sheria ya Ulaya nambari 1907 ya mwaka 2006, iliyoanza kazi tarehe 1 Juni 2007. Kila anayetengeneza au kuingiza huko kemikali kiasi cha tani moja au zaidi kwa mwaka alitakiwa kuiandikisha kwa Wakala wa Kemikali wa Ulaya, ulioko Helsinki. Vitu vya zamani vilipewa muhula: vya tani nyingi hadi 2010, vya kadiri hadi 2013, vya tani chache hadi tarehe 31 Mei 2018. Je, kitu ambacho hakikuwamo katika daftari la zamani? Sheria ilifungua mlango mdogo. Mtengenezaji wa Ulaya aliyekuwa amekitengeneza japo mara moja katika miaka 15 kabla ya sheria kuanza, hata kama hakukiuza, aliweza kuhesabiwa pamoja na wa zamani, kwa sharti kwamba awe na ushahidi wa maandishi. Neno lenye uzito hapo ni maandishi: amri ya kununua, orodha ya stoo, lebo, karatasi ya usalama wa bidhaa, chochote chenye tarehe isiyopingika. Shahidi wa kusema kwa mdomo hakutajwa. Mlango huo wenyewe ulifungwa mwisho wa mwaka 2019, na mwenye karatasi zake chini ya kitanda siku hiyo hakuulizwa tena.

Hapa yafaa tuseme jambo linalotuuma kidogo. Mkulima au mpika mafuta wa Pemba au wa Matombo hawezi kujiandikisha mwenyewe Helsinki. Anayeandikisha ni mwagizaji aliyeko Ulaya, au mwakilishi pekee ambaye mtengenezaji wa nje humteua huko. Matokeo yake ni kwamba historia ya mafuta yetu imewekwa katika makabati ya watu wengine. Wakiitunza, twashukuru, wakifunga duka, kabati huuzwa na karatasi huchomwa. Sisi tuliobakia na mikarafuu hatuna hata nakala.

Kuna kifungu kingine ambacho mkulima wa karafuu atakipenda. Sheria hiyo ya Ulaya huhesabu kuwa kitu cha asili kile ambacho hakikufanyiwa kazi yoyote, au kilichofanyiwa kwa mikono, kwa mashine ya kawaida, kwa maji, kwa mvuke, au kwa kutiwa joto kwa ajili ya kuondoa maji tu. Hayo ya mwisho ndiyo tuyafanyayo jamvini kila msimu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ina maneno yanayokaribiana sana na hayo, ila mvuke haumo. Basi karafuu kavu ni kitu cha asili kwa wote wawili, lakini mafuta yaliyopikwa kwa mvuke ni ya asili Ulaya, na Marekani siyo. Hata huko Ulaya uasili hauwatoshi wenye mafuta, kwa sababu msamaha wa kutoandikishwa hawapewi wenye kitu chenye madhara, na mafuta ya karafuu yanajulikana kuwa huweza kuleta mzio wa ngozi. Aliyewahi kupika makonyo bila kujifunika mikono hahitaji kusomewa hilo.

Marekani nao walipiga mstari wao. Baada ya sheria ya 1976 waliandika orodha ya kemikali zilizotengenezwa au kuingizwa nchini mwao tangu mwaka 1975, kisha wakaendelea kuongeza. Miaka ikapita, orodha ikanenepa kwa majina ya vitu ambavyo hakuna tena anayeviuza. Mwezi wa Juni 2016 sheria ikarekebishwa, na wenye bidhaa wakaambiwa waonyeshe ni zipi zilizokuwa katika biashara katika miaka kumi iliyotangulia, yaani kutoka 21 Juni 2006 hadi 21 Juni 2016. Hesabu ilipotolewa mapema mwaka 2019, katika majina 86,228 yalithibitishwa kuwa hai 40,655 tu. Hayo mengine hayakupigwa marufuku. Yamewekwa kando kama vitu vilivyolala, na anayetaka kukiuza kimoja lazima atoe taarifa kwanza. Vyakula na madawa vina sheria zao mbali, wala tusizichanganye na hizi.

Sasa tufike kwenye dawa za mimea, maana ndiko mnunuzi wa mzee alikokuwa akielekea. Huku ndiko karafuu na utupa, majirani wa shamba moja kule Matombo, walikoachana njia.

Ulaya iliamua kwamba kila kiini cha dawa ya mimea kilichokuwa sokoni kwake kufikia mwezi wa Julai 1993 kihesabiwe kuwa cha zamani na kichunguzwe upya, kimoja kimoja. Vilikuwa kama 1,000. Kazi iliisha Machi 2009. Vilivyopita vilikuwa kama 250, yaani 26 katika mia. Vilivyochunguzwa vikaonekana havifai vilikuwa 70 hivi tu. Vingine vyote, 67 katika mia, viliondoka kwa sababu majalada yake hayakuletwa, au yaliletwa pungufu, au wenyewe waliyaondoa. Tunawaomba wanachama wasome tena hesabu hiyo polepole. Kwa kila kiini kimoja kilichoshindwa kwa ubaya wake, karibu kumi viliondoka kwa habari ya jalada. Hatusemi kwamba vyote hivyo vilikuwa vizuri. Pengine mwenye kitu alijua atashindwa, akaona afadhali asitumie fedha zake. Lakini pia kulikuwa na vitu ambavyo havikuwa na mwenyewe wa kuvisemea.

Utupa wetu una sumu za jamaa ya rotenoni. Rotenoni iliyotolewa katika mizizi ya mimea mingine ya nchi za joto iliuzwa Ulaya na Marekani miaka mingi sana kama dawa ya wadudu, na hakuna aliyebisha kwamba ni ya zamani. Hata hivyo kwa uamuzi wa Aprili 2008 Ulaya haikuiingiza katika orodha ya dawa zilizokubaliwa. Mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili. Na kwa samaki sumu hii haina huruma, jambo ambalo wavuvi wa mitoni walilijua kabla ya mtaalamu yeyote. Basi uzamani uliifikisha rotenoni mlangoni, ikahojiwa, ikarudishwa.

Mafuta ya karafuu yalipita. Yaliingizwa katika orodha ya Ulaya kwa agizo la Desemba 2008, likaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2009, na huko hutumika juu ya matofaa na mapeasi yaliyo ghalani yasioze. Marekani kwa upande wao, tangu mwaka 1996, waliyaweka mafuta ya karafuu, karafuu yenyewe na eujenoli katika orodha fupi ya viini vya hatari ndogo, ambavyo dawa iliyotengenezwa navyo kwa masharti yao haidaiwi kuandikishwa na serikali kuu. Kwa hiyo mzee wa Matombo hakuwa na bidhaa mbaya. Alikuwa na bidhaa iliyokwisha kukubaliwa, asiweze kuonyesha kwamba ile iliyomo ndani ya debe lake ndiyo hiyo.

Na hili la mwisho ndilo kosa letu sote, bara na visiwani. Twasema "mafuta ya karafuu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna mafuta ya karafuu yenyewe, kuna ya makonyo, kuna ya majani. Karafuu kavu nzuri hutoa mafuta kama sehemu 15 hadi 20 katika mia. Makonyo hutoa kama 5 au 6. Majani hutoa machache zaidi. Kitabu cha madawa cha Ulaya hutaka mafuta ya karafuu yawe na eujenoli kati ya sehemu 75 na 88 katika mia, pamoja na vitu vingine kwa vipimo vyake, na mafuta ya majani yana mchanganyiko mwingine. Wasimamizi huyapa hata nambari mbalimbali. Stakabadhi iliyoandikwa "mafuta ya karafuu, dumu mbili" inathibitisha kwamba siku fulani mtu fulani aliuza dumu mbili za kitu. Haithibitishi kwamba yalikuwa ya majani, wala haimsaidii aliyepika ya makonyo.

Tulimwuliza mzee kama hana karatasi kabisa. Kumbe zilikuwapo. Kwa Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na karatasi za miaka ya mwanzo zilikuwa kwa mjomba wake aliyekuwa na pipa kabla yake. Mjomba alipofariki sanduku likakaa kwa mpwa mwingine, mchwa wakaliingia kwa chini. Tulionyeshwa kilichobaki: vipande vitatu, kimoja kikiwa na muhuri na mwezi bila mwaka, kingine kikiwa na kiasi cha fedha bila jina la mnunuzi. Cha tatu kilikuwa kizuri. Kilikuwa na tarehe kamili, jina la kijiji, uzito, na neno "majani". Kipande hicho kimoja kilikuwa na thamani kuliko majirani wanne, na mzee alikuwa amekitumia kufungia mbegu za mchicha.

Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu, na vijana walituambia kwamba ujumbe wa simu watosha. Una tarehe na kiasi cha fedha, ni kweli, lakini hausemi kilicholipiwa ni nini. Na simu huibiwa, au huanguka mtoni. Tunashauri stakabadhi iandikwe hata pale fedha zinapotumwa kwa simu, itaje sehemu ya mti iliyopikwa, uzito, tarehe yenye mwaka, shamba lilipo, jina la mnunuzi na sahihi yake. Mwenye nafasi aweke na chupa ndogo ya mafuta ya kila mpiko, ya kioo cheusi, imefungwa vizuri, yenye nambari ile ile ya stakabadhi. Mafuta yakipimwa na mkemia, karatasi ya kipimo ikae pamoja nazo. Na tafadhali msichanganye debe lenu na la jirani kabla ya kuandika, kwa kuwa madebe yakikwisha kumiminwa katika pipa moja la Dar es Salaam, ya Pemba na ya Matombo, ya makonyo na ya majani, hakuna karatasi itakayoyatenganisha tena.

Wengine watauliza kama hayo ni ya wageni tu. Siyo. Bara, dawa ya mimea haiuzwi bila kusajiliwa. Kazi hiyo ilikuwa ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha iliyowekwa kwa sheria ya 1979, na tangu sheria ya 2020 iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Zanzibar ina sheria na ofisi zake. Mkulima anayeponda majani ya utupa na kunyunyizia maharage yake hayuko pahali pamoja na anayeyatia katika chupa yenye lebo na kuiuza sokoni. Huyu wa pili ataulizwa, na ni haki aulizwe. Mto Ruvu unaanzia katika milima hiyo ya Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Utupa huua samaki. Mafuta ya karafuu yenyewe huwalaza, hata wataalamu wa samaki huyatumia wanapotaka kuwashika bila kuwatesa. Tulipokuwa Matombo tulitazama maji ya kupozea pipa yanakorudi, tukaona yanarudi kijitoni moja kwa moja. Tulimwambia mzee, naye alikubali kuchimba shimo. Mambo haya nayo yaandikwe, kwani mkaguzi anayekuja kuuliza uzamani wa bidhaa atauliza pia uchafu wake ulikwenda wapi miaka yote hiyo.

Huku kwetu tuna bahati ambayo wenzetu wa Uluguru hawana. Karafuu zetu zimepita katika mikono iliyokuwa ikiandika, tangu Chama cha Wakulima wa Karafuu cha Unguja kilichowekwa kwa sheria mwaka 1934, hadi Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar tangu 1968. Lakini yaliyoandikwa na mnunuzi ni ya mnunuzi. Nusu yake ya stakabadhi iliyobaki kwa mkulima iko wapi? Tulipouliza hivyo katika mkutano wa halmashauri, watu kumi na mmoja walitazamana, na mmoja tu ndiye aliyesema anazo, za makonyo, za baba yake, ndani ya mkebe wa biskuti.

Basi twawaomba wanachama wote wenye stakabadhi za zamani za karafuu, makonyo au mafuta, hata zilizochanika, wazilete ofisini siku ya Jumamosi asubuhi. Karani atazipiga picha, ataandika nambari zake katika daftari jipya, na kila mtu ataondoka na zake siku hiyo hiyo. Msizibandike kwa gundi wala msiandike juu yake mwaka mnaoukumbuka; zileteni kama zilivyo. Mzee wa Matombo ametuletea nakala ya kipande chake cha tatu, nacho ndicho nambari 1 katika daftari hilo.